Ndo Ndo Ndo Iuayo Injini

Wazee wetu wa pwani walisema chururu si ndo ndo ndo, wakimaanisha kwamba maji yanayochirizika mfululizo hayawezi kulinganishwa na yale yanayodondoka tone baada ya tone. Kwa mtu mwenye mtungi wa kujaza, maneno hayo hayana kasoro hata kidogo. Lakini kwa mwenye pikipiki ya rejeta, na hasa akiwa Garissa wakati wa kaskazi, mambo hugeuka kichwa chini miguu juu. Chururu humwokoa, kwa sababu huiona kwa macho yake: maji yamemwagika njiani, mshale wa joto umepanda, naye husimama kando ya barabara akailaani bahati yake hali injini ingali nzima. Ndo ndo ndo ndiyo inayomfilisi. Hiyo haimpi habari wala haimsimamishi, mpaka siku injini inapokwama na mfuko wake nao ukakwama pamoja nayo.

Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa gharama yake mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka Malindi alfajiri, mara baada ya sala, nikashika njia ya Garsen na Hola kuelekea Garissa. Njia hiyo huufuata Mto Tana kwa upande wa machweo, mara ikaukaribia mara ikauacha, na mtu wa mwambao akipita huko huona ajabu kwamba maji yale yale mekundu yanayoingia baharini karibu na Kipini ndiyo yanayonywewa na ngamia bara. Pikipiki yangu ni ya safari, yenye silinda moja, na injini yake hupozwa kwa maji. Kwa muda wa wiki tatu kabla ya safari nilikuwa nikiongeza maji kidogo katika kile kichupa cha akiba kilicho ubavuni, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo cha barazani kwetu, kila baada ya siku mbili au tatu. Nilichungulia chini sikuona tone. Nikajiambia kuwa ni joto tu, maji hukauka.

Ndugu msomaji, nakuomba uikumbuke kauli hiyo, kwa maana huenda wewe pia umewahi kuitamka. Maji ya rejeta hayakauki. Yamefungiwa ndani ya mzunguko usio na mlango: hutoka kwenye injini yakiwa moto, hupita katika vijineli vyembamba vya rejeta yakapigwa na upepo, kisha hurudi kwenye injini. Yakizidi kutanuka kwa joto huingia katika kichupa cha akiba, na injini ikipoa hurudi tena. Ikiwa yanapungua siku baada ya siku, basi kuna mahali yanapotokea, uwe umepaona au hukupaona.

Mbele ya Hola mshale wa joto ulipanda. Nilisimama chini ya mti, na kwa haraka ya mtu mwenye kiu ya kufika nikakizungusha kikoi mkononi nikakifungua kifuniko cha rejeta. Alama ya mvuke ule ingali mkononi mwangu mpaka leo. Maji yaliyo chini ya presha huweza kupita joto la digrii 100 bila ya kuchemka, na dakika unapoifungua presha hiyo, huchemka yote kwa mpigo mmoja na kukurukia usoni. Mtu na asubiri. Kifuniko hakifunguliwi mpaka uweze kuuweka mkono juu ya rejeta na kuuacha hapo bila ya kuuondoa. Tena maji ya baridi hayamiminwi juu ya injini inayowaka, kwa kuwa chuma kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Mimi, Mola anisamehe, nilifanya yote mawili siku moja.

Nilivuka daraja la Tana na kuingia Garissa jua likikaribia kutua. Wenyeji huuita msimu huo Jilaal, yaani ule ukavu mrefu unaowiana na kaskazi yetu, na mchana wake hupita digrii 35 bila ya kujitahidi. Hapa yafaa tufanye hesabu ndogo. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la digrii 90 hivi. Mahali penye hewa ya digrii 25, tofauti baina ya maji na upepo ni digrii 65. Garissa hewa ikifika 37, tofauti hubaki 53 tu. Rejeta ile ile, kwa mwendo ule ule, imepoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu yake kabla hujavuja hata tone. Ndiyo maana pikipiki iliyovumilia kuvuja miezi mitatu mahali pa baridi haimalizi wiki Garissa.

Ni lazima niseme pia kwamba bodaboda nyingi za mji huo hazina rejeta kabisa. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizozidi sisi 250, vijana wa Kenya wamezinunua kwa maelfu, na aina iliyoenea ni ile ya mapezi, ambayo injini yake hupozwa na upepo tu. Mwenye pikipiki ya mapezi akiona unyevu chini asitafute maji, atafute oili au petroli. Zenye rejeta ni zile kubwa za safari, na baadhi ya zile za magurudumu matatu zenye sanduku nyuma, ambazo siku hizi hubeba mizigo na mitungi ya maji sambamba na mikokoteni ya punda. Hizo ndizo zinazotuhusu, na moja yao nitaieleza mbele.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja kijana aliyetandika vyombo vyake chini ya mwarobaini. Aliniita adeer, yaani ami kwa Kisomali, akaniletea chai ya maziwa ya ngamia kabla ya kuitazama pikipiki. Kisha akauliza:

“Adeer, maji haya yanapungua tangu lini?”

“Wiki tatu.”

“Na muda wote huo ulikuwa ukifanya nini?”

“Nikiongeza.”

Alitabasamu kwa adabu. “Basi ulikuwa ukimlisha mwizi.”

Nilidhani ataanza kufungua usiku ule ule. Hakugusa kitu. Alitandika gazeti kuukuu chini ya injini, akachora kwa chaki mahali pa gurudumu la mbele na la nyuma, akaniambia nirudi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Sababu yake niliielewa baadaye. Mipira ya maji ikiwa ya moto hutanuka na kubana vizuri. Ikipoa husinyaa, na palipolegea pakaanza kutoa. Kuna mivujo inayoonekana saa ya baridi tu, na mingine inayoonekana saa ya presha tu, na fundi asiyejua tofauti hiyo atakuapia kuwa pikipiki yako haina neno.

Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Nilifurahi, yeye hakufurahi. Alipiga magoti, akawasha kurunzi, akaanza kutafuta kitu ambacho mimi sikukifikiria: siyo maji, bali alama ya maji. Kulanti, yaani ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, haipotei yote. Maji yake hukauka, lakini rangi na chumvi zake hubaki, zikaacha ukoko mwembamba wa kijani, wa waridi au mweupe, kama ule tunaouona ndani ya birika zetu. Katika mji wa joto na vumbi kama Garissa tone hukauka kabla ya kugusa ardhi, na kama likigusa, mchanga hulinywa papo hapo. Mtu anayetazama chini haoni lolote. Anayetazama ukoko husoma habari zote.

Ukoko wangu ulikuwa ubavu wa kushoto, chini, karibu na pahali pa kuwekea mguu. Nikatangaza kwa ushujaa kwamba pampu ya maji imekufa. Kijana alitikisa kichwa. Maji hushuka, alisema, na upepo wa safari huyasukuma nyuma. Palipochafuka siko yalikotoka. Tafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa penye dalili.

Aliisafisha injini yote kwa maji na brashi, akaikausha kwa kitambaa, akanyunyiza poda ya watoto juu ya maungio yote ya mipira. Kisha akafunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ndogo ya mkono yenye geji. Juu ya vifuniko vingi vya rejeta za pikipiki imeandikwa namba, mara nyingi 1.1, ambayo ndiyo presha ambayo kifuniko huizuia. Alipampu mpaka namba hiyo, wala hakuipita hata kidogo, kwa maana rejeta ikijazwa kupita kiasi hupasuka pahali ambapo palikuwa pazima. Tulikaa. Mshale wa geji ulianza kushuka polepole, na baada ya dakika chache poda iliyokuwa kwenye mpira wa juu, pale unapoingia kwenye kichwa cha silinda, ilichora mstari mmoja mwembamba.

Huyo ndiye mwizi wangu. Mpira ulikuwa umekauka na kuchanika chini ya klipu, ufa wa ukubwa wa ukucha. Maji yalitoka pale, yakafuata chuma cha fremu, yakaangukia bomba la moshi na kugeuka mvuke. Ndiyo maana Malindi sikuona tone, na ndiyo maana, kama ningelikuwa na pua yenye akili, ningelisikia ile harufu tamu tamu kila niliposimama.

Mpira mpya wa aina ile haukuwapo mjini, ilibidi uagizwe. Lakini ule wa zamani ulikuwa na urefu wa kutosha, hivyo alikata ncha iliyochanika kwa wembe, akapangusa ukoko kwenye mdomo wa chuma mpaka ukang'aa, akaurudisha na kuufunga kwa klipu mpya. Alikaza mpaka mpira ulipobana, akaacha. Wengi wetu hapo ndipo tunapoharibu, tukadhani kukaza zaidi ni kuponya zaidi, ilhali klipu iliyokazwa kupita kiasi huukata mpira kama kisu.

Alipampu tena. Mshale ukashuka tena, ingawa kwa uvivu zaidi.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki alijue. Mvujo mmoja huficha mwingine. Maadamu ufa mkubwa uko wazi, presha haipandi vya kutosha kuusukuma ule mdogo. Ukiuziba wa kwanza, wa pili hujitokeza, na mwenye chombo huenda akamshuku fundi kuwa amemharibia. Wa pili kwangu ulikuwa kwenye boliti ya kumwagia maji chini ya pampu, ambayo kiosha chake cha shaba kilikuwa kimetumika mara nyingi hata kikawa bapa kama sarafu. Hicho ni kitu cha shilingi chache. Na kifuniko chenyewe cha rejeta, ambacho hakipimwi kwa njia hiyo kwa sababu pampu imekaa mahali pake, alikigeuza akanionyesha mpira wake wa ndani ulivyopasuka. Kifuniko kibovu hakiwezi kuishika presha. Maji huchemka mapema, hukimbilia kichupa cha akiba, na kichupa kikijaa humwaga nje. Watu wengi wamenunua rejeta nzima kwa kosa la kifuniko.

Nilimwuliza kuhusu zile dawa za mitaani. Madereva wa nchi nyingi hutia yai bichi ndani ya rejeta, au pilipili manga, wakitumaini kwamba itaganda penye tundu. Alicheka. Ni kweli kwamba huweza kuziba kwa safari moja, lakini chembe hizo hazina macho. Huziba tundu, na huziba vijineli vyembamba vya rejeta pia. Pilipili manga na ibaki kwenye pilau. Kuhusu rejeta iliyotobolewa na jiwe, zamani rejeta za shaba zikilehemiwa kwa urahisi na fundi yeyote mwenye moto na risasi. Za pikipiki za leo ni za aluminiamu, nayo haikubali ulehemu huo. Huhitaji mashine maalumu ya kuchomea, au gundi ya chuma inayostahimili joto, ambayo itakufikisha nyumbani lakini siyo ya kuoa nayo.

Wakati huo wote kulikuwa na kijana mwingine ameketi juu ya tairi pembeni, kimya, akitutazama. Mbele yake palikuwa na ile pikipiki ya magurudumu matatu niliyoahidi kuieleza. Yeye ni mchukuzi wa maji. Hujaza mitungi na kuipeleka majumbani mtaa kwa mtaa, na chombo chenyewe kilinunuliwa kwa michango ya ndugu na mkopo wa jamaa, kwa ahadi kuwa kitajilipa katika mwaka mmoja. Kilikuwa na miezi saba.

Kisa chake ni kifupi. Chini ya pampu ya maji ya injini nyingi kuna kitundu kidogo kilichotobolewa na kiwanda kwa makusudi. Ndani ya pampu kuna sili mbili, moja huzuia maji na nyingine huzuia oili, na kitundu hicho kiko baina yake. Sili ya maji ikichoka, maji hutokea hapo, nje, ili mwenye chombo aone. Kijana aliona. Alimweleza mtu wa karibu naye, akaambiwa kuwa ni tundu bovu, wakaliziba kwa gundi. Mvujo ukakoma, naye akamshukuru Mungu.

Maji yaliyokosa mlango wa nje yalitafuta wa ndani. Yaliipita sili ya pili yakaingia katika oili. Fundi alifungua boliti ya chini ya injini mbele yetu, na kilichotoka kilikuwa na rangi ile ile ya vikombe vilivyokuwa mikononi mwetu. Oili iliyochanganyika na maji huwa kama chai ya maziwa, na haiwezi tena kulainisha chuma. Bearingi zilikuwa zimeanza kulia wiki nzima, lakini kijana alidhani ni mzigo.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Kila maji yalipopungua, alichota katika mitungi ile ile aliyokuwa akiwauzia watu. Maji ya Tana hubeba udongo, na ya visima vingi vya sehemu hizo yana chumvi, kama vile tunavyovijua visima vyetu vya pwani. Rejeta yake ilipofunguliwa ilitoa tope jekundu, na nusu ya vijineli vilikuwa vimeziba. Alikuwa akipitisha mamia ya lita za maji kila siku, na lita moja na nusu tu iliyo safi ndiyo iliyokosekana.

Hapo nimweleze msomaji kwamba kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji peke yake, kama baadhi yetu tunavyodhani. Hupandisha kiwango cha kuchemka, huzuia kutu, na huilinda sili ya pampu. Ile isiyochanganywa kiwandani huchanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa katika vituo vya petroli kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Uangalie tu usipewe tindikali ya betri badala yake. Rangi siyo dalili ya aina, kwa hiyo usichanganye ya kijani na ya kijani ukadhani ni ndugu. Na kuna hadhari kubwa zaidi. Dawa iliyomo katika kulanti nyingi ni sumu kali, tena ni tamu. Mbuzi, paka na punda huilamba, na mtoto pia. Garissa mbuzi hutembea kila mahali, na fundi wetu alipomwaga maji yangu aliyakinga kwa karai, akalipandisha karai juu ya pipa na kulifunika kwa ubao kabla ya kufanya lingine lolote. Mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kusogea.

Kuna mvujo mwingine usioacha ukoko nje, nao ni ule wa gasketi ya kichwa cha silinda. Dalili zake ni maji kupungua hali kila pahali pakavu, moshi mweupe wenye utamu usiokoma hata injini ikishapata moto, mpira wa juu kuwa mgumu kama fimbo dakika moja tu baada ya kuwasha, na povu lisilokwisha kwenye mdomo wa rejeta. Hiyo ni kazi ya kufungua injini, wala hapana njia ya mkato.

Kwangu ilibaki kujaza. Alimimina polepole, akiilaza pikipiki upande huu na upande ule na kuiminya mipira kwa vidole, ili hewa itoke. Aliiwasha kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, mpaka thamostati ilipofunguka na viputo vikakoma, akaongeza hadi mdomoni, akafunga. Hewa iliyonaswa ndani huchoma injini sawa na ukosefu wa maji, na ndiyo sababu baadhi ya watu hutengeneza mvujo leo na kurudi kesho wakilia joto.

Kijana wa maji aliambiwa bei. Alinyamaza kidogo, akauliza kama inawezekana kulipa nusu sasa na nusu baada ya mwezi wa Ramadhani. Fundi alisema watazungumza. Kisha akamwuliza kama anamjua mtu mwenye punda wa kukodisha kwa wiki mbili, wateja wasije wakazoea mchukuzi mwingine. Alimjua.

Nililala usiku wa pili. Gazeti lilitandikwa tena, na chaki ikachorwa tena. Asubuhi lilikuwa kavu kama jana yake, lakini safari hii sikufurahi mpaka nilipofungua kifuniko na kuchungulia, kisha nikatazama kichupa cha akiba. Maji yalikuwa pale pale kwenye alama. Fundi aliinama, akaliokota gazeti, akalikung'uta vumbi, akaniomba ruhusa alichukue, kwa kuwa ukurasa wa michezo hakuwa ameumaliza.